Gitaa Nyuma ya Pazia

Kaa hapo usikilize kidogo, wewe uliyekabidhiwa funguo za stoo ya mitambo. Tangu nistaafu, baada ya Idi iliyopita, haipiti wiki bila mmoja wenu kunipigia simu. "Shikamoo, Bi Zuhura. Gitaa linavuma ukumbini, tufanyeje?" Naitikia marahaba, naanza kueleza, na kabla sijafika kwenye jambo lenyewe salio limekwisha. Mara nyingi salio ni lenu, nami naona haya. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Karatasi haikatiki katikati ya sentensi.

Habari za vyeo na malipo naziruka. Kazi yetu ina cheo kimoja tu, fundi, na hicho unapewa na watu siku mambo yanapoharibika. Ninachotaka kukuachia ni namna ya kusikiliza, na hasa hili la rivebu, yaani mwangwi wa kutengenezwa, kwenye prosesa za gitaa, maana ndilo mnaloniulizia zaidi, na ndilo lililonitoa jasho kuliko yote.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya pazia. Nilikuwa binti, nauza betri na fyuzi kwenye duka la Bwana Firoz pale Kilindoni, duka la redio alilorithi kwa baba yake. Pamoja na kuuza, Bwana Firoz alikodisha spika, maiki na amplifaya kwa harusi na mikutano. Kilichomsumbua ni shughuli za kina mama. Unazijua zilivyo hapa kwetu: wanawake wanapokusanyika kumpamba bibi harusi, mwanamume hakanyagi ukumbini. Mwimbaji, akiwa mwanamke, yumo ndani na maiki yake. Wapigaji ala, ambao wengi ni wanaume, hukaa kwenye chumba cha pembeni, na mlangoni hushushwa pazia. Fundi naye hukaa huko huko na wapigaji, kapiga magoti mbele ya miksa, anarekebisha sauti ya ukumbi asioruhusiwa kuuingia.

Bwana Firoz alikuwa akimtuma mkewe aende kusikiliza. Mkewe alirudi na jibu lile lile kila mara: "Kelele." Siku moja mama huyo alikuwa na mafua, Bwana Firoz akanigeukia mimi.

"Zuhura, vuka pazia, nenda ndani, sikiliza, rudi uniambie."

Nilikwenda, nikala halua, nikarudi.

"Umesikia nini?"

"Sauti nzuri, Bwana Firoz."

"Nzuri si jibu. Maneno yanasikika? Besi inatetemesha nini? Gitaa likinyamaza, linanyamaza kweli au linabaki linaelea?"

Nikarudi ndani, safari hii bila halua. Nilisimama pembeni, nikafumba macho, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba gitaa lilipokatwa kule nyuma, sauti yake iliendelea kutembea juu ya bati la ukumbi kama mtu anayetafuta mlango. Nilipomweleza hivyo, Bwana Firoz aliacha kushika vitufe akanitazama. "Haya," akasema. "Kesho betri atauza mtu mwingine."

Alinifundisha polepole, na sijaona mwalimu mwenye subira kama yule. Alinionyesha kukunja waya: kitanzi kimoja kwa juu, kingine kwa chini, ili siku ya kuutandaza usijisokote. Waya uliokunjwa kwa hasira hukatika kwa ndani, nawe utahangaika kutafuta sauti inayokuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa. Alinifundisha pia kuiogopa chumvi. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi, na jeki ya gitaa iliyolala stoo wiki chache huota ukungu wa kijani. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha isugue kwa raba ya penseli, ile ile ya wanafunzi. Ikitoka Utende, ambako hoteli hutaka muziki karibu na maji kabisa, ifute hiyo hiyo siku. Maiki iliyonyeshewa niliizika kwenye kopo la mchele mkavu. Mchele huo usiupike.

Wakati ule rivebu haikuwa kitu cha kuchagua. Amplifaya ilikuwa na kitufe kimoja nyuma, ndani yake springi, na ukigonga boksi ilinguruma kama mabati yanapangwa. Ukikizungusha ilikuwepo, ukikirudisha haikuwepo. Maisha yalikuwa mepesi, ingawa sauti haikuwa.

Kisha zikaja prosesa za gitaa. Kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, chenye kioo, na ndani ya kioo unaona vijisanduku vimepangwa kwenye mstari kuanzia gitaa mpaka spika. Kimoja kinakoleza sauti, kimoja ni dilei, yaani kinairudia noti baada ya muda kidogo kama mtoto anayekuigiza, na kimoja ni rivebu, kinachoifanya noti isikike kama imepigwa ndani ya chumba, ukumbi au pango, utakavyo. Uzuri wa vifaa hivi ni kwamba vinakuruhusu kuweka chochote popote. Ubaya wake ni huo huo.

Sasa nieleze mipango miwili ambayo mnanichanganyia kila mnapopiga simu. Nitaieleza kwa sufuria, maana hivyo ndivyo ilivyoniingia mimi mwenyewe.

Mpango wa kwanza ni wa mfululizo. Gitaa linaingia kwenye dilei, linalotoka kwenye dilei linaingia kwenye rivebu, linalotoka huko linaingia kwenye kinachofuata. Ni pilau hiyo: kila kitu sufuria moja. Kila sanduku linapokea kilichoungwa na sanduku lililotangulia, na bizari ikishaingia huwezi kuitoa. Ukiweka dilei kisha rivebu, kila kirudio cha dilei kinaundiwa chumba chake. Ukiongeza rivebu ya pili, unajenga chumba ndani ya chumba. Mpango huu haukosi mahali pake. Kule Kirongwe, shughuli ikiwa uwanjani katikati ya minazi, hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Dilei kidogo halafu rivebu kidogo, mfululizo, hulipatia gitaa mwili wa kusimama nao. Wengi wenu mkifanya kazi nje mtautumia huo, na msione haya.

Mpango wa pili ni wa sambamba. Sauti ya gitaa inagawanywa njia mbili tangu mwanzo. Njia moja inakwenda kavu, kama ilivyotoka kwenye nyuzi. Nyingine inapita kwenye rivebu. Mwishoni unazikutanisha kwa kiasi unachotaka. Huu ni wali na mchuzi kwenye sufuria mbili: wali unabaki wali, na mchuzi kila mtu atajipakulia. Ukizidisha rivebu, noti yenyewe bado ipo chini yake, nzima, na ukiipunguza hujaigusa noti.

Kuna jambo moja la kushika hapo, nalo huwapoteza hata wazoefu. Kwenye ile njia ya rivebu, kipimo cha mchanganyiko kipandishe mpaka mwisho, njia hiyo itoe mwangwi mtupu. Ukikiacha katikati, njia ya rivebu nayo itapitisha sauti kavu, utakuwa na kavu mbili zimepandana, gitaa litakuwa kubwa bila kuwa wazi, na utamlaumu mpigaji.

Haya, sasa Shomari.

Shomari alikuwa mpigaji wa solo wa kikundi cha taarabu nilichokuwa nikikihudumia miaka yangu ya mwisho kazini. Mchana alifanya biashara ya samaki wakavu, jioni gitaa. Mtu wa maneno machache, vidole virefu. Alikuwa mjane, na binti yake mmoja, Riziki, ndiye aliyekuwa amebaki naye nyumbani. Kiongozi wa kikundi alikuwa Bi Mosi, mwimbaji. Bi Mosi alikuwa na sauti nzito na ulimi mwepesi, na vyote viwili vilifika mbali.

Shomari aliletewa prosesa na mdogo wake aliyeko Dar es Salaam. Akajifunza kwa kutazama video kwenye simu, na mtu mmoja humo akasema rivebu mbili ndizo sauti ya kisasa. Shomari akapanga mfululizo: dilei, rivebu ya chumba, rivebu ya ukumbi mkubwa. Alipopiga kule nyuma ya pazia nilimwona uso wake umetulia, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Na sababu yake nilikuwa naiona. Chumba cha pembeni cha ule ukumbi wa Kilindoni ni kidogo, na siku ya shughuli kina mama hukijaza magodoro, mabunda ya kanga na mazulia yaliyotolewa ukumbini kupisha viti. Pazia lenyewe ni zito. Sauti ikitoka kwenye kispika cha mpigaji humezwa pale pale. Gitaa linasikika kavu, uchi kabisa. Mpigaji yeyote angeongeza rivebu. Hatua chache mbele yake, upande wa pili wa pazia, kuna ukumbi wa kuta za saruji, sakafu ya vigae na bati juu. Kile alichokuwa akikikosa huku kilikuwa kimejaa tele kule.

Kwenye shughuli ya kwanza aliyopiga na prosesa ile, wimbo wa tatu haukuisha. Pazia lilifunguliwa kwa nguvu, Bi Mosi akasimama mbele yetu, jasho linamtiririka, maiki mkononi.

"Shomari, gitaa lako linaimba juu yangu."

"Nimeshusha sauti, Bi Mosi."

"Umeshusha, lakini haliondoki! Mie nimeingia ubeti wa pili, gitaa bado liko ubeti wa kwanza linaaga watu."

Wapigaji wakacheka. Bi Mosi hakucheka. Lazima uelewe kilichomuuma. Kwenye taarabu watu wanakuja kwa maneno. Mwanamke husikia mstari unaomhusu, au unaomhusu jirani yake, ndipo anainuka na kwenda kutuza. Siku ile Bi Mosi alitupa mistari yake mikali kabisa, na ukumbi mzima ukaketi ukimtazama kwa adabu. Hakuna aliyeinuka, kwa kuwa hakuna aliyesikia. Mwimbaji wa taarabu afadhali azomewe.

Shughuli ilipokwisha na kina mama kutawanyika, Bi Mosi alitukalisha.

"Shughuli ijayo tunapiga bila gitaa. Kinanda kina sauti ya gitaa ndani yake, kinatosha."

Shomari alikuwa akikunja waya. Akaacha.

"Shughuli ijayo ni ya mwanangu, Bi Mosi."

"Najua ni ya Riziki. Ndiyo maana sitaki iharibike."

Shomari alimaliza kuukunja waya, akaufunga, akaufungua tena. Nilijua kitu ambacho Bi Mosi hakukijua, maana Riziki alikuwa amenijia dukani wiki chache kabla. Aliniambia hivi: "Bi Zuhura, nikiingizwa ukumbini nataka baba anipigie ule wimbo wake wa barazani. Ule alionipigia tangu mama yuko hai. Yeye hawezi kuwemo ndani, lakini gitaa linaweza." Nilimwahidi. Kwa hiyo pale kwenye kile chumba cha magodoro, ahadi iliyokuwa inavunjwa ilikuwa yangu pia.

"Bi Mosi," nikasema, "nipe siku moja kabla. Nipe ukumbi asubuhi. Ukisikia maneno yako, apige. Usiposikia, basi."

"Nisiposikia, baba wa bibi harusi atakaa nje na wazee wenziwe anywe kahawa kama baba wengine wote. Wala si aibu."

"Si aibu," Shomari akasema, lakini alisema akiangalia chini.

Asubuhi tuliyopewa tulikuwa sisi wawili tu. Nilishusha pazia kama siku yenyewe, nikaomba na magodoro yaletwe, mlinzi wa ukumbi akaniona nina wazimu. Shomari akakaa mahali pake, akapiga. Mimi nikavuka nikakaa kwenye kiti atakachokalia bibi harusi.

"Vipi huko?" akaniita kupitia pazia.

"Umepiga nini?"

"Wa barazani!"

"Sijautambua!"

"Unanitania."

Nikajiuliza nimweleze vipi. Sauti haielezeki kwa mtu aliye upande wa pili wa pazia. Mke wa Bwana Firoz alijaribu kwa neno moja, hakufaulu. Hapo ndipo likanijia swali ambalo sikuwahi kumuuliza mpigaji yeyote.

"Baba Riziki, umepiga kwenye ukumbi huu tangu lini?"

"Tangu ujengwe."

"Umewahi kusimama humu ndani gitaa lako likilia?"

"Nitasimamaje humo na huku napiga?"

Prosesa ile ilikuwa na lupu, kile kitufe kinachorekodi kipande kifupi na kukirudia chenyewe. Nilirudi nyuma ya pazia, nikaihamisha lupu mpaka mwanzo kabisa wa mstari, kabla ya dilei na rivebu zote. Kumbuka hilo: lupu ikikaa mwanzo inarekodi gitaa kavu, na kila utakachobadilisha mbele yake utakisikia kwenye kipande kile kile. Ikikaa mwisho, imeganda na makosa yako. Shomari akapiga mistari miwili ya wimbo wa barazani, nikakanyaga, kikaanza kujirudia.

"Weka gitaa chini," nikamwambia. "Njoo."

"Huko?"

"Leo ni tupu. Njoo."

Alivua kofia, sijui kwa nini, akavuka pazia. Nikamkalisha kwenye kiti cha bibi harusi. Wimbo wake ulikuwa unazunguka chini ya bati, mstari wa kwanza haujaisha wa pili umeupanda mgongoni, na yote miwili inagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Alisikiliza uso haumtikisiki.

"Huyu mimi?"

"Wewe."

"Nilidhani..." Akatazama juu kwenye bati. "Kama mtu anaongea ndani ya tangi la maji."

"Ni rivebu mbili zako. Halafu hii," nikamwonyesha kuta na bati kwa mkono. "Hili ni sanduku la mwisho kwenye mstari wako, Baba Riziki. Halionekani kwenye kioo na halina kitufe. Chochote utakachotuma kinapita humu mwisho."

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika. Ndani ya prosesa unaweza kuchagua mfululizo au sambamba. Ukumbi hauchagui. Kila mara uko mfululizo, mwishoni, na unaunga kila kitu upya. Kwa hiyo usipange rivebu bila kujua ukumbi utaongeza nini.

Shomari alikuwa mwepesi wa kuelewa. "Basi niondoe zote," akasema.

"Ukiondoa zote utapigaje huko kwenye magodoro?"

Akafikiri. "Vibaya," akakiri. "Vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine."

Nikasema hapana, hatuondoi. Tunagawanya. Tukarudi, tukakaa sakafuni na prosesa katikati yetu, na hiki ndicho tulichofanya. Tuligawanya sauti njia mbili. Njia ya kwanza tuliiacha kavu, na pembeni yake, sambamba, tukaweka rivebu ya chumba kidogo sana, mchanganyiko mpaka mwisho na kiwango chini. Rivebu hiyo tukaipunguza besi, maana besi ndiyo inayonguruma kwenye bati, na tukaichelewesha kidogo kuanza, ili noti ifike sikioni kwanza ndipo chumba chake kifuate. Dilei tukaiweka kando kabisa. Njia hii ikaenda ukumbini.

Njia ya pili tukaipa ile rivebu yake ya ukumbi mkubwa, aipendayo, tukaitoa kwenye tundu la pili la kutolea sauti nyuma ya prosesa, ikaenda kwenye kispika chake peke yake. Hiyo ndiyo faida ya sambamba ambayo video yake haikumwambia: njia zikiwa mbili, si lazima ziende mahali pamoja. Ukumbi una rivebu yake, mpigaji ana yake, na hakuna anayemdhuru mwenziwe.

Alipiga. Nikaona vidole vyake vinalegea.

"Huku kuzuri," akasema. "Huko?"

Nikavuka. Wimbo wa barazani ulikuwa umekaa kitako katikati ya ukumbi, kila noti na mahali pake. Niliusikia mpaka ule mteremko mdogo wa mwisho anaoupiga kwa kidole kimoja, ambao sikuwahi kujua upo.

Bi Mosi alikuja kabla ya adhuhuri, na mkoba begani kama mtu asiyekusudia kukaa. Alichukua maiki, akaenda mwenyewe kwenye kiti cha bibi harusi, akaimba amekaa, Shomari akimjibu kutoka nyuma ya pazia. Akaimba mstari wa kwanza kwa sauti ya kawaida. Wa pili kwa sauti ndogo. Wa tatu akaunong'ona, akitega sikio kuona gitaa litamfunika. Halikumfunika.

"Mtume!" akasema kwenye maiki. "Hili gitaa limepelekwa madrasa. Lina adabu."

"Na mwenye gitaa?" Shomari akaita.

"Mwenye gitaa bado tunamtazama." Lakini mkoba alikuwa ameshauweka chini.

Siku ya Riziki niliingia ukumbini mapema. Sasa zingatia hili: ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa si ukumbi mmoja. Kina mama mia na ushei, mabuibui, kanga, watoto mapajani, vyote hunywa sauti. Gitaa tuliloliacha zuri jana lilikuwa limekauka. Nilikuwa nimelitarajia hilo, kiwango cha ile rivebu ndogo nikakiweka kwenye pedali ya mguu. Nikavuka pazia, nikamwambia Shomari, "Kanyaga kidogo." Nikarudi ndani. Bado. Nikavuka tena. "Kidogo tena." Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama mimi ni fundi au ni paka wa jirani, mara ndani mara nje. Nikamwambia vyote viwili.

Kisha Riziki akaletwa, amefunikwa, ameshikwa huku na huku. Akaketishwa, akafunuliwa. Kwa desturi bibi harusi huinamisha macho, hamtazami mtu, na Riziki aliinamisha vizuri. Gitaa likaanza. Kwa mistari miwili hakutikisika. Ulipofika ule mteremko wa mwisho, wa kidole kimoja, aligeuza uso wake wote kulielekea pazia. Shangazi akamgusa goti kumkumbusha. Hakurudi. Aliendelea kulitazama pazia, macho yamejaa, wanja haujamwagika bado, mpaka noti ikaisha.

Ndipo Bi Mosi akaingia na ubeti wake. Kila neno lilisikika. Mwanamke mmoja safu ya pili aliruka kama kaungua, akaenda kutuza, na mwenzake aliyeimbiwa mstari uliofuata akamfuata kwa hasira njema.

Nilivuka pazia mara ya mwisho. Shomari alikuwa anapiga, hakunitazama.

"Maneno ya Bi Mosi yanasikika?"

"Yanasikika."

Akaenda mistari kadhaa kabla ya kuuliza la pili, taratibu, kama mtu asiyetaka kujibiwa mbele za watu.

"Na yeye je?"

"Amegeuka," nikamwambia. "Mpaka mwisho."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga. Rivebu yake kubwa ilimzunguka kule kwenye magodoro, na ukumbini hakuna aliyejua ipo.

Shomari bado anapiga na kikundi, na mkikutana naye mtampenda. Riziki yuko Kirongwe kwa mumewe. Bi Mosi anasema yeye ndiye aliyegundua mpango wa njia mbili, nami sijambishia. Mwimbaji aachiwe kitu. Bwana Firoz hakuwahi kuiona prosesa hata moja, Mungu amrehemu, lakini kila nilichofanya siku ile kilitoka kwenye lile swali lake: gitaa likinyamaza, linanyamaza kweli?

Vifaa vitabadilika tena, wewe utakuta vipya ambavyo mimi sitavijua, na usiogope. Utavimudu. Fanya hivi tu kila shughuli, kabla hujagusa kitufe chochote cha rivebu: weka lupu mwanzo wa mstari, mwombe mpigaji apige kipande kifupi, kiache kijirudie. Ukiwa mwanamke, vuka pazia. Ukiwa mwanamume, vuka kabla kina mama hawajafika, na wakishafika mtume mwanamke unayemwamini, na akirudi umwamini. Kaa kwenye kiti cha bibi harusi. Sikiliza mpaka noti ya mwisho iishe kabisa. Kisha ndipo urudi kwenye vitufe.